Hijra, Mkataba na Makazi: Jumuiya ya Kiislamu ya Bosnia katika Ulaya

Jumuiya ya Kiislamu ya Bosnia na Herzegovina, yenye makao makuu Sarajevo, ni miongoni mwa taasisi kongwe za Waislamu barani Ulaya zilizoundwa chini ya dola isiyo ya Kiislamu. Ilianzishwa mwaka 1882, na kiongozi wake mkuu huitwa reis-ul-ulema, yaani mkuu wa maulamaa. Jumuiya nyingi za Kiislamu za London, Paris au Berlin zilianzishwa na wahamiaji waliofika Ulaya kutafuta kazi, masomo au hifadhi. Waislamu wa Bosnia hawakufika kutoka popote. Walikuwa kwao, chini ya Dola ya Uthmania iliyoitawala nchi hiyo tangu karne ya 15, na Ulaya ya Kikristo ndiyo iliyowafuata mlangoni. Ndiyo maana swali la kidini lililowakabili halikuwa kama Muislamu anaruhusiwa kwenda kuishi miongoni mwa wasio Waislamu. Walijiuliza kama wana ruhusa ya kubaki nyumbani kwao.

Mwaka 1878 mkutano wa madola makubwa uliofanyika Berlin uliikabidhi Bosnia na Herzegovina kwa Austria-Hungaria iikalie na kuiendesha, ingawa kwa jina ilibaki mali ya Sultani wa Istanbul. Wenyeji walipigana. Sarajevo ilianguka mwezi Agosti mwaka huohuo baada ya mapambano ya mtaa kwa mtaa. Watu waliokuwa wamezoea kuona kadhi, liwali na askari wote ni wa dini yao waliamka wakiwa raia wa kaisari Mkatoliki, Franz Joseph wa Vienna.

Kwa mwanazuoni wa wakati huo, jambo hili lilikuwa na historia ndefu na ya kutisha. Mafakihi wa zamani waliigawa dunia katika dar al-islam, nchi ambamo hukumu za Uislamu zinatawala, na dar al-harb, nchi ya vita. Aya ya 97 ya sura An-Nisaa inawasema watu waliodhulumu nafsi zao kwa kukubali kukaa katika unyonge ilhali ardhi ya Mungu ilikuwa pana. Wengi waliisoma kama amri ya kuhama kwa yeyote ambaye nchi yake imeangukia mikononi mwa wengine. Mfano uliotajwa zaidi ni wa Uhispania. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, al-Wansharisi, fakihi wa Kimaliki wa Fez, alitoa fatwa kwamba Waislamu wa huko walipaswa kuondoka, hata wale walioona maisha chini ya wafalme wa Kikristo ni nafuu kuliko ya ng'ambo. Yaliyofuata Uhispania, yaani kubatizwa kwa nguvu na hatimaye kufukuzwa, yaliifanya fatwa hiyo ionekane kama utabiri.

Lakini elimu ya fiqhi haikuwa na sauti moja. Kundi la kwanza la masahaba lililohama Makka halikwenda kwenye nchi ya Kiislamu, kwa kuwa haikuwepo hata moja. Lilivuka bahari kwenda Habasha na kuishi chini ya Najashi, mfalme Mkristo aliyesifiwa kwa uadilifu. Al-Mawardi, fakihi mkubwa wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anatajwa kuwa alikwenda mbali zaidi: Muislamu anayeweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya wasioamini ni bora abaki, kwa sababu kubaki kwake kunaipa nchi hiyo sehemu ya Uislamu. Naye Abu Hanifa, ambaye Wabosnia walimfuata, aliweka masharti matatu kabla nchi ya Kiislamu haijahesabiwa kuwa nchi ya vita: hukumu za kikafiri ziwe ndizo zinazotawala, nchi iwe imepakana na nchi ya vita, na usalama wa awali wa Waislamu na wa wale walio katika himaya yao uwe umeondoka. Kwa mujibu wa rai hii mabadiliko ya bendera peke yake hayatoshi. La msingi ni usalama wa mtu na dini yake, na hilo linaweza kuchunguzwa na kujadiliwa. Muhimu zaidi kwa Wabosnia, linaweza hata kuandikiwa mkataba.

Na mkataba uliandikwa. Mwezi Aprili 1879 Austria-Hungaria na Dola ya Uthmania zilikubaliana mjini Istanbul kwamba Waislamu wa Bosnia watakuwa huru katika ibada na katika uhusiano wao na viongozi wao wa kidini, kwamba jina la Sultani litaendelea kutajwa katika hutuba ya Ijumaa, na kwamba pale ilipokuwa desturi kupandisha bendera ya Uthmania kwenye minara ya misikiti, desturi hiyo itaheshimiwa. Msomaji wa Mombasa ataliona jambo hili si geni. Kwa makubaliano ya mwaka 1895 Waingereza waliendesha ukanda wa pwani ya Kenya huku bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikiendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi 1963, na mahakama za kadhi zikibaki. Madola ya Ulaya ya zama zile yalielewa thamani ya kumwachia mtu heshima ya bendera.

Hata hivyo watu walihama. Familia baada ya familia ziliuza mashamba na kuelekea Istanbul na Anatolia. Wanahistoria wanatofautiana sana juu ya idadi yao, lakini kwa miaka 40 ya utawala wa Vienna walifikia makumi ya maelfu, na wapo wanaosema ni zaidi ya laki moja. Sababu zilichanganyika: hofu ya kubadilishiwa dini, kodi, kupoteza vyeo na, kuanzia 1881, sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini, iliyosababisha maasi huko Herzegovina mwaka uliofuata. Nyuma ya yote hayo palikuwa na mahubiri ya waliosema kwamba anayebaki amefanya dhambi.

Aliyeyajibu mahubiri hayo kwa kalamu ni Mehmed Teufik Azapagić, mufti wa Tuzla. Katika risala aliyoiandika kwa Kiarabu katika miaka ya 1880, alishikilia kwamba wajibu wa hijra unamhusu mtu anayezuiwa kutekeleza dini yake. Bosnia adhana ilisikika, saumu ilifungwa, ndoa na mirathi vilihukumiwa kwa sharia, kwa hiyo sababu ya kuhama haikuwepo. Zaidi ya hayo, kila familia iliyoondoka iliacha nyuma yake msikiti wenye safu pungufu, madrasa isiyo na wanafunzi, na mali ya wakfu isiyo na msimamizi. Kuhama kwa ajili ya kuiokoa dini kungeweza kuwa ndiyo njia ya kuizika. Hoja hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa inaliondoa swali kwenye wokovu wa mtu mmoja na kuliweka kwenye hatima ya jamaa nzima.

Swali lilirudi mwaka 1908, Vienna ilipoitwaa Bosnia moja kwa moja na kufuta hata ile milki ya jina ya Sultani. Safari hii mwanafunzi mmoja wa Kibosnia alimwandikia Rashid Rida, mhariri wa al-Manar la Cairo, jarida lilelile lililomwathiri Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Rida alijibu kwamba hijra si wajibu kwa kila mtu binafsi maadamu anaweza kuisimamisha dini yake bila kuteswa. Fatwa kutoka Cairo iliwapa waliobaki utulivu ambao risala ya mufti wa mji mdogo huenda isingeweza kuwapa.

Ruhusa ya kubaki ilihitaji chombo cha kuilinda. Hapo ndipo Jumuiya inapoingia, na asili yake si safi kama watetezi wake wanavyopenda kuisimulia. Mwaka 1882 Franz Joseph alimteua Mustafa Hilmi Hadžiomerović, mufti wa Sarajevo, kuwa reis-ul-ulema wa kwanza, akisaidiwa na baraza la wanazuoni wanne. Vienna ilikuwa na lengo lake, nalo ni kuwatenga Waislamu wa Bosnia na maamuzi ya Istanbul. Wapinzani waliuliza, kwa haki kabisa, vipi mfalme asiyesali awachagulie wanaosali kiongozi wao. Mshahara wa reis ulitoka serikalini, na usimamizi wa wakfu ulikuwa chini ya jicho la watawala. Mwaka 1887 ilifunguliwa Sarajevo shule ya kufundisha makadhi, katika jengo la mtindo wa Kimoori lililochorwa na msanifu Karel Pařík, mzaliwa wa Bohemia. Hata umbo la jengo lilikuwa wazo la watu wa Ulaya ya kati juu ya namna ambavyo jengo la Kiislamu linapaswa kuonekana, kwa maana misikiti ya Bosnia yenyewe ilifuata mtindo wa Kituruki na haikuwa na matao ya Andalusia. Leo humo kimo Kitivo cha Elimu za Kiislamu cha Chuo Kikuu cha Sarajevo.

Mwaka 1899 manung'uniko yaligeuka harakati. Kuritadi kwa msichana mmoja katika eneo la Mostar na kuingizwa kwake katika Ukatoliki kuliwasha moto, na Ali Fehmi Džabić, mufti wa Mostar, akaongoza madai ya Waislamu kujitawala katika mambo ya dini, elimu na wakfu. Serikali ilimzuia asirudi nchini baada ya kusafiri kwenda Istanbul. Madai yenyewe hayakuzuilika. Mwaka 1909 Vienna iliridhia katiba ya Jumuiya, na utaratibu wa kumpata reis uliowekwa humo unastahili kuangaliwa kwa karibu. Jopo la maulamaa lilichagua majina matatu. Kaisari aliteua mmoja kati ya hao watatu. Kisha maombi yalipelekwa kupitia ubalozi wa Austria-Hungaria mjini Istanbul kwa Sheikh al-Islam, mkuu wa maulamaa wa Sultani, ambaye alitoa menšura, hati ya kumruhusu mteule kutekeleza mamlaka ya kidini. Bila hati hiyo reis hakuwa na uhalali mbele ya waumini, na bila uteuzi wa kaisari hakuwa na nguvu mbele ya sheria. Maulamaa, mfalme Mkatoliki na mwakilishi wa Khalifa wote walihusika katika kumweka imamu mmoja madarakani. Kwa fiqhi ya kawaida huo ni utaratibu wa ajabu, lakini ulifanya kazi.

Matokeo yake yalivuka mipaka ya Bosnia. Askari na watumishi wa Kibosnia walikuwapo Vienna kwenyewe, na dola ilihitaji sheria ya kuwatambua. Sheria ya Uislamu ya Julai 1912 iliwatambua wafuasi wa madhehebu ya Hanafi kuwa jumuiya ya kidini ndani ya Austria, jambo ambalo Ufaransa na Uingereza, zenye mamilioni ya Waislamu katika makoloni yao, hazikulifanya nyumbani kwao. Kroatia ilifuata mwaka 1916. Sheria ya Austria ilidumu baada ya dola yenyewe kuvunjika. Mwaka 1979 iliwawezesha wafanyakazi wa Kituruki, Waarabu na Wabosnia kuunda Jumuiya ya Imani ya Kiislamu ya Austria, na katika miaka ya 1980 watoto wao wakaanza kufundishwa dini yao katika shule za serikali kwa mishahara ya serikali. Mwaka 1987 Mahakama ya Katiba iliondoa kikomo cha Hanafi. Sheria mpya ya 2015 ilikataza fedha za kuendeshea shughuli za kila siku zisitoke nje ya nchi, na Waislamu wengi walilalamika kwamba makanisa hayakuwekewa katazo kama hilo. Kutambuliwa kisheria kunafungua milango, na wakati huohuo kunampa anayetambua nafasi ya kuandika masharti.

Miaka ya Bosnia ndani ya Yugoslavia, iliyofuata kuvunjika kwa Austria-Hungaria, inaweza kupitiwa kwa haraka. Džemaludin Čaušević, reis tangu 1914, aliwashtua wengi mwaka 1927 aliposema kwamba mwanamke wa Kiislamu kufunua uso si kosa la kidini. Alijiuzulu mwaka 1930 mfalme wa Belgrade alipoinyang'anya Jumuiya uhuru wake. Vita Kuu ya Pili iliigawa jamii: mwaka 1941 Waislamu wa miji kadhaa, Sarajevo ikiwamo, walitoa maazimio ya kulaani mauaji yaliyokuwa yakifanywa dhidi ya Waserbia, lakini maelfu ya vijana wa Kiislamu waliandikishwa baadaye katika kikosi cha Handžar cha Ujerumani ya Kinazi. Derviš Korkut wa Makumbusho ya Sarajevo alikificha kitabu cha kale cha Kiyahudi, Haggadah ya Sarajevo, kisiangukie mikononi mwa Wanazi. Wakomunisti walioshika dola baada ya vita walizifuta mahakama za kadhi mwaka 1946, wakataifisha mali nyingi za wakfu na kuzifunga tarika. Kiungo kati ya Jumuiya na dola hakikuwa mkataba tena, kwa maana upande mmoja ulikuwa umeshikwa koo.

Kisha katika vita vya Bosnia vya 1992 hadi 1995 sharti lile la tatu la Abu Hanifa, kuondoka kwa usalama, lilitimia kabisa. Zaidi ya misikiti 600 ilibomolewa, na Julai 1995 zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 waliuawa Srebrenica. Kwa hoja ya Azapagić mwenyewe, hapa hijra ingekuwa ya lazima, na kweli mamia ya maelfu walikimbilia Ujerumani, Austria, Uswidi na kwingineko. Cha kushangaza ni kwamba vita vilipokwisha Jumuiya iliwahimiza warudi hata katika miji waliyofukuzwa. Banja Luka ulikuwa mmojawapo. Msikiti wa Ferhadija, uliojengwa mwaka 1579, ulilipuliwa usiku wa tarehe 7 Mei 1993 na vifusi vyake vikasombwa. Shughuli ya kuweka jiwe la msingi mwaka 2001 ilivamiwa na umati wa Waserbia wenye hasira, na mzee mmoja wa Kiislamu akafa kwa majeraha. Wajenzi walitafuta mawe ya zamani jalalani na majini, wakayapima na kuyarudisha ukutani kila lilipofaa. Msikiti ulifunguliwa tarehe 7 Mei 2016. Hakuna fatwa ya zamani inayomlazimisha mtu kurudi alikofukuzwa. Anayerudi na kujenga upya kwa mawe yaleyale anafanya zaidi ya kutumia ruhusa.

Elimu ya usuli ina istilahi mbili zinazofaa hapa. Azima ni hukumu ya asili, na rukhsa ni nafuu inayotolewa kwa sababu ya dharura, kama msafiri anavyoruhusiwa kufungua saumu. Je, Muislamu kuishi Ulaya ni rukhsa inayosubiri dharura iishe, au ni azima, hali kamili isiyohitaji udhuru? Azapagić na Rida walijibu kwa lugha ya rukhsa: mnaweza kubaki kwa kuwa hamzuiwi. Jibu hilo liliwatosha watu wa mwaka 1909, lakini lina kasoro. Anayekaa kwa rukhsa anabaki kama mgeni moyoni, na jirani yake akilijua hilo hawezi kumwamini kikamilifu.

Mustafa Cerić, reis kuanzia 1993 hadi 2012, alijaribu kutoka hapo. Baada ya mashambulizi ya Madrid na London alitoa Tamko la Waislamu wa Ulaya, katika miaka ya 2005 na 2006. Kwake Ulaya si nchi ya Uislamu wala si nchi ya vita. Ni nyumba ya mapatano ya kijamii, na Muislamu anafungwa na mapatano hayo kidini, kwa vile Qurani mwanzoni mwa sura Al-Maida inaamrisha ahadi zitimizwe. Uaminifu kwa katiba ya nchi unageuka kuwa sehemu ya dini. Wakosoaji waliona mambo mawili. Waliberali waliuliza kwa nini raia aliyezaliwa Stockholm ahitaji mkataba wa pekee ili awe Mswidi. Waislamu wengine, hasa wa asili ya Kituruki na Kiarabu, walikataa wazo la Cerić la mamlaka moja ya kidini kwa Waislamu wote wa Ulaya, na si vigumu kuelewa: Wabosnia walikuwa wamezoea kuwa na reis, wao hawakuwahi. Ukosoaji wa kwanza ndio wenye uzito. Mkataba unadhania pande mbili zilizosimama mbalimbali, ilhali raia ni sehemu ya upande anaodaiwa kupatana nao.

Katika utendaji, hata hivyo, wazo la mkataba limezaa zaidi kuliko makongamano. Mwaka 1997 Cerić, Kadinali Vinko Puljić, Askofu Mkuu Nikolaj wa Orthodoksi na Jakob Finci wa jumuiya ya Wayahudi waliunda Baraza la Dini Mbalimbali la Bosnia, wakati ambapo wanasiasa wao hawakuweza kukaa chumba kimoja. Kroatia mwaka 2002 ilitia saini makubaliano na Jumuiya ya Kiislamu ya nchi hiyo, ambayo kiroho iko chini ya Sarajevo: ndoa ya msikitini inatambuliwa na serikali, dini inafundishwa shuleni, na askari, mgonjwa na mfungwa wa Kiislamu wanapata imamu na chakula cha halali. Slovenia ilichukua njia ndefu. Waislamu waliomba kiwanja cha msikiti Ljubljana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2004 wapinzani walitaka kura ya maoni, na Mahakama ya Katiba ikaizuia kwa kuwa haki ya ibada haipigiwi kura. Msikiti ulifunguliwa mwaka 2020, sehemu kubwa ya fedha ikiwa imetoka Qatar.

Bosnia yenyewe imebaki nyuma. Ilifunga makubaliano na Vatikani mwaka 2006, na mengine na Kanisa la Orthodoksi la Serbia mwaka 2007. Makubaliano na Jumuiya ya Kiislamu, yanayogusa mambo kama ruhusa ya kwenda sala ya Ijumaa saa za kazi na chakula cha halali katika taasisi za umma, yalikwama kwa miaka mingi katika Urais wa nchi wenye wajumbe watatu: Mbosnia Muislamu, Mserbia na Mkroati.